Tuko vimbwetani: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba ya chuo chetu

Kwako Mkurugenzi,
Huduma za Maktaba.

Shikamoo.

YAH: KUSHUKA KWA MATUMIZI YA MAKTABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kichwa chenyewe si changu, nimekinakili kutoka kwenye tangazo ulilobandika mlangoni wiki iliyopita, ambalo kufika jioni lilikuwa limeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp ya chuo. Umeandika kwamba wanaoingia maktaba wamepungua, kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana utamaduni wa kusoma na wanapenda vya mteremko, na kwamba semista ijayo huenda tukaanza kusaini mahudhurio ya maktaba kama tunavyosaini ya semina. Nililisoma tangazo hilo nikiwa kwenye foleni ya kukabidhi begi. Foleni haikusogea, nikalisoma tena.

Nakujibu nikiwa kimbwetani, kile cha pili kutoka kwenye mwembe, nyuma ya jengo lako. Ukichungulia dirishani utatuona. Tuko sita. Wawili wanabishania ngeli ya neno moja tangu asubuhi na hakuna anayekubali kushindwa. Mmoja anakokotoa takwimu huku midomo inamcheza. Mwingine amelalia desa lake, yaani notsi zake za kusomea, na tumemwacha alale kwa sababu tunajua amekesha. Ni saa 9 alasiri, jua limeshahamia upande wa pili wa jengo na kaupepo kanapita.

Kwa msomaji ambaye hakupitia vyuo vyetu, kimbweta ni meza ya zege yenye mabenchi ya zege, vimejengwa palepale chini ya mti na havihamishiki. Hakina mto wala egemeo. Mvua ikinyesha unakusanya karatasi unakimbia, na ndege wa mwembeni hawana heshima na kazi ya mtu. Asiyependa kusoma hakai hapo saa tano mfululizo. Sisi tumekaa tangu saa 4 asubuhi, na hatua 40 kutoka hapa lipo jengo lenye viti, meza na vitabu maelfu. Naomba swali la tangazo lako tulianzie hapo: kwa nini mtu achague zege?

Nitajisemea mimi kwanza. Nimesoma sekondari ya kata ambayo maktaba yake ilikuwa kabati moja ofisini kwa mwalimu wa taaluma, na ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni. Nilipoingia kwenye maktaba hii siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza, nikaona safu za vitabu zinaanzia nilipo na kuishia mbali huko kwenye ukuta, nilisimama tu. Nilishika kitabu nikakirudisha, nikashika kingine. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Kwa wiki tatu nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia milango ikifunguliwa saa 2 asubuhi, na nilikuwa na kiti changu ghorofa ya pili ambacho nilikiona kama urithi. Wiki ya nne nikawa natoka saa 6 mchana. Kufika katikati ya semista nilikuwa naingia kuazima na kutoka. Sasa ni mwaka wa tatu na niko hapa nje na wenzangu. Ukiangalia takwimu zako utaona mwanafunzi aliyepoteza utamaduni wa kusoma. Mimi nakumbuka joto.

Ghorofa ya pili ndiyo ukumbi mkubwa. Walipolikarabati jengo waliondoa yale madirisha ya zamani ya vioo vya kupangua, wakaweka vioo vizima visivyofunguka, kwa sababu palikuwa pafungwe viyoyozi. Vikafungwa kweli. Vilifanya kazi, nasikia kwa waliotutangulia, misimu miwili mitatu. Leo vimebaki sita ukutani na kinachozunguka ni kimoja, tena kinamwaga maji kwenye ndoo. Mkurugenzi, huu ni mji wa pwani. Chumba kilichozibwa kikisubiri mashine, mashine ikifa, kinageuka tanuri. Saa 7 mchana jasho linatiririka kwenye mkono hadi kwenye karatasi, na peni ya wino inaanza kuchanua. Cha kushangaza ni kwamba bawa la zamani, lile lenye majarida, halikuguswa na ukarabati. Madirisha yake yanafunguka pande zote mbili, upepo unaingia huku na kutokea kule, na hakuna siku utakayokuta kiti tupu. Hakuna aliyetulazimisha kukaa pale. Nadhani wajenzi wa zamani walijua jambo kuhusu mji huu ambalo wakarabati walilisahau, lakini mimi si mhandisi, nisivuke mipaka.

Baada ya joto, mwanga. Kati ya meza za ukumbini kuna safu mbili za katikati ambazo taa zake za juu zimeungua muda mrefu. Rafiki yangu wa fizikia alipakua programu ya kupima mwanga kwenye simu, tukazunguka nayo tukijifanya tunatafuta vitabu. Karibu na dirisha ilisoma zaidi ya 800. Meza za katikati ilisoma 70 na ushee. Simu si kifaa cha maabara, sitaapa kwa namba hizo. Ila kiwango cha mwanga wa sehemu za kusomea maktaba kinachotumika Ulaya ni 500, kwa kipimo kinachoitwa lux, na tofauti kati ya 500 na 70 hata kipimo cha kubahatisha hakiwezi kuificha. Ndiyo maana wanaokaa katikati wanasoma kwa tochi ya simu mchana kweupe.

Na simu ikiwashwa tochi, chaji inaisha. Hapo tunaingia kwenye soketi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kitu kinachotawala maktaba yako kuliko kitabu chochote. Soketi za ghorofa ya pili nimezihesabu mwenyewe: ziko 14, zote ukutani, zinazotoa umeme ni 5. Anayewahi asubuhi anashika soketi, anachomeka ekstensheni yake aliyokuja nayo kutoka geto, na anakuwa kama mwenye nyumba. Laptopu nne na simu sita zinamning'inia. Wengine tunampigia magoti. Meza nzuri za katikati zinabaki tupu, ukutani watu wamebanana kama kwenye daladala la saa 12 jioni.

Nimekaa ukutani hapo mara nyingi na nimeangalia watu wanachofanya. Wengi hawakuja kwa ajili ya vitabu vyako. Kwenye mabweni watu wanabebana wawili kwenye kitanda kimoja, kwenye mageto luku imeisha, kwa hiyo wanakuja kuchaji na kusoma madesa yao wenyewe. Sisemi vibaya, hata hilo ni kusoma. Ninachosema ni kwamba lile geti jipya la kutelezesha kitambulisho, ambalo ndilo limekupa takwimu za kushuka, linahesabu vichwa tu. Halijui nani ameshika kitabu na nani ameshika waya. Mwezi ule umeme ulipokuwa unakatika na jenereta haina mafuta, vichwa vilipungua, na hakuna uzembe uliokuwa umeongezeka mwezi huo. Betri zilikuwa zimekufa.

Nina rafiki anayesomea ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Nilipomwonyesha tangazo lako alicheka, akanisimulia habari za Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan. Huyu bwana alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwaka 1924 akapewa kazi ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Alikaa siku chache tu, akarudi kulalamika kwamba anakufa kwa upweke, hakuna mtu anayeingia, arudishiwe chaki yake. Wakamwambia nenda kwanza Uingereza ukajifunze kazi, ukirudi na bado hutaki tutazungumza. Alirudi mwaka 1925 akiwa mtu mwingine, na mwaka 1931 akatoa kanuni tano ambazo, rafiki yangu anasema, kila mkutubi duniani huzikuta kwenye mtihani wa mwanzo. Kanuni ya kwanza ina maneno machache mno: vitabu ni vya kutumiwa.

Mtu unaweza kuiona ni kanuni ya kitoto. Nani asiyejua kitabu ni cha kutumiwa? Lakini Ranganathan alipoifafanua hakuanza kuwalaumu wasomaji. Alizungumzia jengo liko wapi, likafuata suala la saa za kufungua, likafuata la samani, likafuata la watumishi wa ndani. Alieleza jinsi vitabu Ulaya vilivyokuwa vikifungwa kwa minyororo kwenye rafu zama za kati, akaonyesha kwamba mnyororo ukiondolewa, vizuizi vingine vinabaki: mlango unaofungwa mapema, rafu ndefu isiyofikika, kiti kinachoumiza mgongo. Mtu huyu alikuwa na tatizo lilelile la kwako, la ukumbi mtupu, Mkurugenzi, na hakuomba daftari la mahudhurio.

Minyororo ya kwetu nitakuonyesha mmoja nilioushika kwa mikono. Mwaka jana tulipewa kazi ya sarufi, na mhadhiri akataja kitabu kimoja cha lazima. Nikaenda kwenye kompyuta ya kutafutia vitabu. Ziko mbili pale chini, moja imezimika na nyingine herufi A ya kibodi imeng'oka, unabonyeza kidoti cha mpira kilichobaki kwa ncha ya peni. Programu yenyewe ni Koha, ambayo ni nzuri na haiuzwi, jina lake ni neno la Kimaori la huko New Zealand lenye maana ya zawadi. Kuandika neno la Kiswahili bila A, jaribu siku moja. Nikafanikiwa. Ikaniambia nakala tatu zipo, namba zinaanzia PL8702, yaani kule kwenye safu ya Kiswahili. Nikapanda. Rafu ya PL8702 ilikuwa na vitabu vya uvuvi. Nikashuka kuuliza, nikaambiwa labda vimerudishwa vibaya, tafuta jirani. Nikatafuta jirani na jirani wa jirani. Dakika 50 zikapita. Nakala moja nikaikuta imelazwa juu ya rafu ya dini. Nikafungua sura ya nne niliyotumwa: haipo. Imenyofolewa kwa wembe, kwa ustadi, kingo zimenyooka kabisa.

Nilikasirika na aliyenyofoa hadi nikafika mlangoni na kuona mashine ya kutolea kopi. Ina karatasi iliyobandikwa: MBOVU. Karatasi yenyewe imeshapauka. Kitabu hicho ni cha kusomea ndani tu, hakiruhusiwi kutoka, na steshenari ya karibu iko nje ya geti. Basi mwenye wembe, kuna siku alikaa na kitabu ambacho hawezi kutoka nacho wala kukitolea kopi, na mtihani ni kesho. Simtetei. Alifanya uhalifu na ametuibia sote. Ila ile mashine ingekuwa inafanya kazi, hata kwa shilingi 100 ukurasa, nadhani sura ya nne ingekuwepo.

Aliyeniokoa siku ile ni mzee mmoja wa kaunta ya kuazimisha, ambaye simtaji jina kwa sababu sitaki aitwe ofisini. Alinisikia nalalamika, akaniuliza ni kitabu gani, akakunja uso kidogo, akasema, "Mwanangu, kile kina ndugu yake, toleo la nyuma, liko chumba cha kule chini kwenye yaliyoondolewa. Nisubiri." Akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, na kitabu mkononi. Sura ya nne ilikuwemo. Yule mzee ndiye katalogi halisi ya maktaba yetu. Anajua kitabu kipi kilihamishwa lini na kwa nini. Anastaafu mwakani. Sijui kama kuna yeyote aliyekaa naye na kalamu, ila ningekuwa wewe ningempa vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo wamfuate nyuma kila siku hadi siku yake ya mwisho.

Utaniambia, na wapo watakaoniambia hapa chini ya mwembe, kwamba karne hii mambo yote yako mtandaoni. Ni kweli, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa vitu viko na hatuambiwi. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo vyuo vyake vinapata bure maelfu ya majarida ya kitaaluma kupitia Research4Life, mpango ambao tawi lake la afya, Hinari, lilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa. JSTOR, hazina nyingine ya majarida mtandaoni, nayo imeondoa ada kwa vyuo vingi vya Afrika. Mtu aliyeko nje analipa dola 30 au zaidi kwa makala moja, sisi mlango uko wazi. Nimegundua lini? Mwaka wa tatu, tena kwa bahati, kutoka kwa binamu yangu anayesoma chuo kingine. Nikaja kuuliza kwenu kuhusu jina la kuingilia na paswedi. Nikaelekezwa chumba fulani, mwenye chumba yuko semina. Siku ya pili yuko kikaoni. Siku ya tatu nikampata, mama mkarimu sana, akafungua droo, akatoa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akaniambia ninakili haraka na nisimpe mtu.

Nisimpe mtu! Kitu kimetolewa ili kitumiwe na kila mwanafunzi wa chuo hiki, kinakaa kwenye droo. Huo ndio mnyororo ninaousema. Hela haikukosekana hapo, majarida yameshatolewa bure. Kilichokosekana ni karatasi moja ya A4 kwenye kila ubao wa matangazo, na nusu saa ya kuwafundisha mwaka wa kwanza wakati wa wiki ya kuwapokea, badala ya ile ziara ya kuzungushwa maktaba mbiombio tukionyeshwa hapa ni magazeti, hapa ni vyoo.

Na kwa kuwa nimevitaja vyoo. Vya wanawake ghorofa ya pili vimefungwa kwa kufuli tangu mwaka wa pili unaanza, na ufunguo, nasikia, anao mtu wa usafi ambaye zamu yake inaisha saa 8 mchana. Kwa hiyo msichana akihitaji, anashuka, anachukua begi lake mapokezi maana huwezi kuliacha, anatoka getini, anakwenda jengo la utawala, anarudi, anapanga foleni ya kukabidhi begi, anatelezesha kitambulisho upya, anapanda, anakuta kiti kina mtu. Geti lako limemhesabu mara mbili. Wasichana wengi tunaamua kutokunywa maji tukijua tunaingia maktaba. Mchana, kwenye ukumbi ule nilioueleza. Wavulana wa kimbweta hiki ndiyo kwanza wanalisikia jambo hili nikiwasomea rasimu, wamenyamaza.

Mwenzetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu hajawahi kufika ghorofa ya pili kabisa. Lifti ilikufa kabla hajadahiliwa. Vitabu vya sheria, ambayo ndiyo anayosomea, viko ghorofa ya pili. Sina la kuongeza.

Saa za kufungua ni jambo ambalo ningeweza kuandikia barua nyingine. Mnafunga saa 2 usiku siku za kazi, Jumamosi saa 7 mchana, Jumapili hamfungui. Vipindi vyetu vya jioni vinaisha saa 1 na nusu. Hao wenzetu wa programu za jioni, watu wazima wenye kazi na familia, ada wanalipa kama sisi, maktaba wanaiona kupitia kioo. Wakati wa UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista, ndipo watu wanapiga msuli hadi alfajiri, na ndipo jengo lako linapolala mapema kuliko bweni. Najua utasema suala ni walinzi na posho za usiku. Sawa. Basi fungua ghorofa moja tu, ile ya chini, wiki tatu za mitihani, hadi saa 5 usiku. Na washeni taa za njia ile ya kutoka maktaba kwenda kituo cha daladala. Kuna nguzo saba, inayowaka ni moja. Mama yangu hajui hali ya njia ile, na sina mpango wa kumweleza. Mimi nikiwa na chaguo kati ya kumaliza sura na kupita pale usiku peke yangu, sura inangoja kesho, na ninyi mnaandika kwamba sina utamaduni wa kusoma.

Najua pia kwamba jengo jipya halitapatikana kwa barua. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamebahatika, maktaba yao mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilifunguliwa Novemba 2018 na Rais Magufuli, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Raha iliyoje. Siombi hiyo. Jumamosi nyingine sisi wa kimbweta hiki tunachanga nauli tunakwenda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi, jengo ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1967. Limetuzidi umri wote, na bado watu wanakwenda kukaa na kusoma. Uzee wa jengo haujawahi kumfukuza msomaji.

Ninachoomba kinaweza kufanyika kabla ya semista kuisha, na kwa makadirio yangu ya mtu asiye mhasibu hakifiki bei ya lile geti la kutelezesha vitambulisho. Vile vioo vya ghorofa ya pili, viondolewe viwili kila upande, yawekwe madirisha yanayofunguka na wavu wa mbu. Fundi umeme apite siku mbili kwenye taa na soketi. Fundi wa mashine ya kopi apigiwe simu. Ufunguo wa choo ukae mapokezi. Karatasi ya droo ibandikwe. Vitabu vya sheria vishuke chini na magazeti yapande juu, kwa kuwa magazeti hayana mtu anayeyahitaji asiyeweza kupanda ngazi, na kama yupo basi tutayashusha nayo.

Kuhusu daftari la mahudhurio, nakuomba uliache. Litakupa namba nzuri, hilo sipingi. Tutaingia, tutasaini, tutakaa kwenye viti na simu zetu, tutatoka. Mtu anayeishi kwa bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, la shilingi 10,000 kwa siku, kula humo, nauli humo, bando humo, anajua kuhesabu thamani ya kila saa yake. Akiona saa ya maktaba inampa kitu, utamfukuza kwa fimbo saa ya kufunga.

Na kabla hujaitisha kikao kujadili barua hii, nina ombi la mwisho. Chagua siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano. Usipitie mlango wa watumishi, pitia wa kwetu, ukabidhi begi. Panda ghorofa ya pili saa 7 mchana ukae meza ya katikati, safu ya tatu, na kitabu chochote. Usishuke ofisini kwako hadi saa 10. Ukimaliza zunguka nyuma, tutakupisha kwenye benchi. Chai ya rangi ya mama wa kibandani ni shilingi 300, tutakulipia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Ualimu.

N.B. Nakiri kwamba kile kitabu cha sarufi, ndugu yake yule wa toleo la nyuma, bado ninacho na siku zake zimepita tisa. Nimekileta mara mbili. Mara ya kwanza dirisha la kurudishia lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana, mara ya pili mtandao ulikuwa chini na wakakataa kukipokea. Faini nitailipa. Nitakuja nacho kesho saa 4 asubuhi, na sura ya nne imo.